Nguvu za Maji Katika Kazi ya Chuma

Karani wa serikali huona mambo mengi ambayo hayaingii katika faili. Siku moja hapa Isiolo kijana mmoja mwenye adabu nzuri alikuja mezani kwangu na fomu ya kuomba nafasi katika chuo cha ufundi, maana alitaka kujifunza kazi ya kuunga vyuma. Tukaijaza fomu pamoja: jina lake, mwaka aliozaliwa, shule aliyosoma, mpaka tukafika mahali panapoulizwa kazi ya baba. Hapo kijana akanyamaza. Nilipomwuliza mara ya pili aligeuka kuwatazama watu waliokuwa wakingoja zamu yao kwenye benchi, kisha akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Andika mfugaji, bwana."

Mimi baba yake namjua, kama wamjuavyo watu wengi wa mji huu. Ni mhunzi. Huketi chini ya mti na fuawe lake na koleo lake, naye hufua visu, ncha za mikuki na kengele za ng'ombe. Mifugo yake ni mbuzi wachache tu, ambao yeye mwenyewe hangethubutu kuwaita kazi. Nilijua hayo yote, lakini niliandika "mfugaji", nikagonga mhuri, na fomu ikaenda zake.

Baada ya kijana kuondoka ndipo nilipoanza kuona uzito wa neno lile moja. Kuunga vyuma ni nini, kama si kukitia chuma moto mpaka kitii mkono wa mtu? Basi mwana amekwenda mbali kutafuta cheti cha kazi ile ile ambayo nyumbani kwao anaona haya kuitaja, nami niliyesomeshwa kuandika yaliyo kweli nimemsaidia kuificha.

Makala haya nimeyaandika kama malipo ya deni hilo. Nawaomba wasomaji tufuatane, kwanza katika mchanga wa mito yetu mikavu, halafu mpaka Marekani, mahali palipofukuliwa mabaki ya kiwanda cha kale cha chuma kilichoendeshwa kwa nguvu za maji, kisha turudi Isiolo tuone kama kweli kuna haya yoyote katika kazi ya mhunzi.

MCHANGA MWEUSI

Mtu aliyepata kuvuka laga baada ya mvua kubwa, maji yakisha kupita na mchanga ukianza kukauka, bila shaka ameona mistari myeusi iliyojichora juu ya mchanga mweupe, hasa mahali maji yalipopinda au yalipozunguka jiwe. Watoto huichezea mistari hiyo, na sisi wakubwa huikanyaga bila kuitazama. Nawashauri wasomaji wafanye jaribio dogo. Chukueni sumaku kutoka katika spika ya redio mbovu, muifunge katika kitambaa chembamba, kisha muipitishe polepole juu ya mchanga huo mweusi. Mtaona chembe zikirukia kitambaa na kusimama wima kama miiba ya nungunungu. Huo ni mtapo wa chuma, wa namna ambayo wajuzi wa mawe huiita magnetaiti, na ukiwa safi, zaidi ya sehemu saba katika kila sehemu kumi za uzito wake ni chuma.

Ni nani aliyeuchambua mtapo huo kutoka katika mchanga mwingine? Si mwingine ila maji. Mchanga mweupe wa kawaida una uzito wa kadiri ya mara mbili na nusu ya uzito wa maji, lakini mchanga mweusi una uzito wa kadiri ya mara tano. Mafuriko yanapoteremka kutoka milimani huchukua vyote pamoja. Nguvu zake zinapopungua huendelea kusukuma kilicho chepesi na kuacha kilicho kizito. Ndivyo afanyavyo mwanamke apetaye nafaka katika ungo. Kwa hiyo, kabla mhunzi hajainua nyundo yake, maji yamekwisha kumfanyia sehemu ya kwanza ya kazi, tena bila ujira.

Wazee wetu waliyajua haya. Kusini ya Mlima Kenya, Wakikuyu walichota mchanga wa namna hiyo na kuuosha katika maji ya mto mpaka ukabaki mweusi mtupu, kisha wakauanika juani. Bwana Routledge na mkewe, waliokaa katika nchi ya Wakikuyu mwanzoni mwa karne ya 20, waliieleza kazi hiyo katika kitabu walichokitoa mwaka 1910, na Jomo Kenyatta naye hakuisahau katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya desturi za watu wake. Huku kwetu kaskazini, wahunzi wa Wasamburu, ambao kwa lugha yao huitwa lkunono, waliyeyusha mchanga mweusi wa mito ya nchi yao, wakafua mikuki ya morani. Kila rika la morani lilitaka mkuki wa mtindo wake, hivyo kwamba mtu mjuzi aliweza kuutazama mkuki na kusema ni wa rika gani. Haba na haba hujaza kibaba. Na punje ndogo za mchanga, zilizokusanywa kwa viganja, zililinda ng'ombe wa nchi nzima.

PUMZI YA MOTO

Lakini mchanga mweusi si chuma bado. Ndani yake chuma kimeshikamana na hewa ile ambayo sisi tunaivuta ili tuishi, nayo haikiachi ila kwa kulazimishwa. Anayeilazimisha ni makaa. Mhunzi alijenga tanuru la udongo, akalijaza makaa ya mti mgumu, akawasha, kisha akawa anamimina mchanga kidogo na makaa kidogo, tabaka juu ya tabaka. Makaa yakiungua katika moto mkali hutoa moshi usioonekana ambao huinyang'anya mtapo hewa yake na kuacha chuma chenyewe. Takataka za mawe huyeyuka, zikatiririka chini na kuganda kama kioo cheusi chenye matundu. Hizo ndizo mavi ya chuma. Chini ya tanuru hubaki donge la chuma lenye vishimo kama sifongo, ambalo halikuyeyuka, maana chuma kitupu hakiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,538 za sentigredi, na tanuru la namna hiyo halifiki huko. Donge hilo ndilo lililotiwa moto tena na kupigwa nyundo, tena na tena, mpaka takataka zikatoka na chuma kikashikamana.

Sasa, siri yote ya kazi hiyo imo katika upepo. Makaa yaliyoachwa peke yake huchoma nyama vizuri, lakini hayatoi chuma. Yanataka kupulizwa, na kupulizwa bila kupumzika. Kwa sababu hiyo mhunzi wa Kiafrika alishona mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, akaiunganisha na kewa la udongo lililoingia katika tanuru, na msaidizi akashika mmoja kwa mkono wa kuume na mwingine kwa mkono wa kushoto: huu ukishuka, ule unapanda, ili upepo usikatike. Kazi hiyo iliendelea kwa saa nyingi. Kijana mmoja akichoka alishika mwenzake. Aliyepata kuvuta mivukuto kwa nusu saa tu atakubali kwamba mabega ndiyo hulipa bei ya chuma.

Watu wa nchi mbalimbali walitafuta njia ya kuyapumzisha mabega hayo. Kusini-magharibi mwa Tanzania, Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, yanayofika kadiri ya meta tatu, waliyoyaita malungu. Tanuru refu huvuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, kama bomba la moshi lifanyavyo, na hivyo Wafipa waliyeyusha mtapo bila mvukuto hata mmoja, wakaitumia mivukuto baadaye tu, katika tanuru dogo la kusafishia chuma. Hiyo ilikuwa akili kubwa. Katika nchi nyingine zenye mito isiyokauka, watu walilitazama tatizo lile lile wakalipa jibu lingine: waliwakabidhi mito mivukuto.

GURUDUMU LA MAJI

Wachina ndio wanaotajwa kwanza katika habari hii. Mwaka 31 baada ya kuzaliwa Kristo, Du Shi, aliyekuwa liwali wa Nanyang, aliunda mashine ya kupuliza matanuru ya chuma kwa nguvu za maji. Kumbukumbu za taifa lake zinamsifu kwamba aliwapenda raia na alitaka kuwapunguzia taabu. Naona ni jambo la kupendeza kwamba mashine hiyo haikukumbukwa kwa faida iliyoleta katika hazina ya mfalme, bali kwa mabega iliyoyapumzisha.

Wasomaji waliopata kuona kinu cha maji cha kusaga mahindi, kama vile vilivyokuwa vingi zamani katika mkoa wa Kati na huko magharibi mwa Kenya, wataelewa upesi namna mashine kama hiyo inavyofanya kazi. Maji hukingwa katika bwawa, yakapelekwa kwa mfereji mpaka juu ya gurudumu kubwa la mbao lenye visanduku ukingoni. Maji yakiingia katika visanduku hivyo, uzito wake huteremsha upande mmoja wa gurudumu, na gurudumu huzunguka pamoja na mhimili wake. Katika kinu cha mahindi mhimili huo huzungusha jiwe la kusagia. Katika kiwanda cha chuma mhimili hupigiliwa meno ya mbao. Jino likipita hukandamiza ubao wa mvukuto, mvukuto ukatoa upepo. Jino likishapita, uzito wa mawe yaliyofungwa upande wa pili huuinua mvukuto ujae tena. Mivukuto ni miwili, hupokezana kama mikono miwili ya yule kijana wa mhunzi. Tofauti ni kwamba mto hauchoki, wala hauombi maji ya kunywa.

Upepo huo mkubwa usiokatika ulileta jambo jingine. Tanuru lilipojengwa refu na kupulizwa kwa nguvu, chuma kilikaa muda mrefu katika makaa, kikanywa sehemu ya makaa yenyewe, na chuma kilichokunywa makaa huyeyuka katika joto dogo zaidi, kadiri ya digrii 1,150. Kwa hiyo, badala ya donge, kilitiririka kama uji. Wachina walikuwa wakikisubu chuma cha namna hiyo kwa mikono kabla hata ya Du Shi, na Wazungu wakaja kukipata baadaye sana. Chuma hicho kilimiminwa katika kalibu, kikawa sufuria au mikuo. Lakini kilikuwa na kasoro: kilivunjika kama chungu kikipigwa nyundo. Ili kifae kwa shoka au msumari ilibidi kipelekwe tena katika moto mwingine, makaa yale yaungue yatoke, kisha kipigwe kwa nyundo nzito. Nyundo hiyo nayo iliinuliwa na gurudumu la maji.

MABAKI YA SAUGUS

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Massachusetts, kwenye mji mdogo wa Saugus, kaskazini ya Boston. Hapo, mwaka 1646, Waingereza waliohamia nchi ile walimaliza kujenga kiwanda cha chuma kando ya mto, wakakiita Hammersmith. John Winthrop mdogo, mwana wa gavana, ndiye aliyeanzisha kampuni ya kazi hiyo kwa fedha za watu wa Uingereza, na Richard Leader ndiye aliyekijenga kiwanda cha Saugus. Kulikuwa na tanuru refu la mawe, karakana ya kufulia yenye nyundo ya ratili 500, yaani zaidi ya kilo 220, na mashine ya kukata chuma kiwe fito nyembamba za kutengenezea misumari. Vyote hivyo viliendeshwa kwa maji. Katika siku njema tanuru lilitoa kadiri ya tani moja ya chuma.

Mtapo wao pia ulikuwa zawadi ya maji, ingawa kwa njia nyingine. Haukuwa mchanga mweusi kama wetu, bali kutu iliyoganda chini ya vinamasi na mabwawa, ambamo maji yanayochuruzika kutoka katika ardhi huacha chuma kidogo kidogo. Wao walichimba kinamasi, wazee wetu walichota laga. Lakini wote wawili walikwenda kuuliza chuma kwa maji.

Na msomaji asidhani kwamba, kwa kuwa maji yalivuta mivukuto, wanadamu walikaa kivulini. Tanuru lilikula makaa usiku na mchana, na makaa yalitaka watu wa kukata misitu, kupanga magogo na kuyachoma. Tarehe 3 Septemba, 1650, majeshi ya Cromwell yaliwashinda Waskoti katika vita vya Dunbar. Makumi kadhaa ya mateka wa vita hivyo walivushwa bahari, wakauzwa kwa miaka kadhaa ya utumishi, wakapelekwa Saugus kukata kuni na kufanya kazi za kiwanda. Hivyo mto ulibeba sehemu ya mzigo, na sehemu iliyobaki ilibebwa na watu wasiokuwa na hiari. Sisi watu wa Afrika tunaijua hadithi ya namna hiyo, na inafaa tuitambue hata inapowahusu wengine.

Kiwanda hakikudumu. Gharama zilikuwa kubwa, madeni yakazidi, kesi zikafuatana mahakamani, na kadiri ya mwaka 1670 moto wa tanuru ulikuwa umezimika kabisa. Mafundi wakatawanyika wakaenda kuanzisha viwanda vingine katika nchi ile, maana ujuzi wa fundi haufilisiki pamoja na kampuni. Bwawa likavunjika, mbao zikaoza au kufunikwa na tope, majani yakaota. Kilichoonekana kwa karibu miaka 300 kilikuwa kilima kimoja tu cha mavi ya chuma kando ya mto, na nyumba moja ya kale.

Mwaka 1943 wenyeji waliunda chama cha kupahifadhi mahali pale. Mwaka 1948 mtu aitwaye Roland Robbins, ambaye hakuwa profesa wa chuo chochote, alianza kuchimba. Akafukua msingi wa tanuru, mifereji, kichwa cha ile nyundo kubwa, na, jambo lililowastaajabisha watu wote, sehemu ya gurudumu la maji lenyewe. Mbao zake zilikuwa zimezikwa katika udongo wenye maji, hewa isizifikie, na kwa hiyo hazikuoza. Maji yaliyolizungusha gurudumu lile katika uhai wake ndiyo yaliyolihifadhi katika kaburi lake. Wenye viwanda vikubwa vya chuma vya Marekani wakatoa fedha, kiwanda kikajengwa upya juu ya mabaki yake, na mwaka 1954 kikafunguliwa kwa watu wote. Tangu mwaka 1968 kimo katika ulinzi wa serikali ya nchi hiyo. Watoto wa shule huletwa kuona magurudumu yakizunguka na mivukuto ikipumua, na kile kilima cha mavi ya chuma hakikuondolewa. Kipo, nacho huonyeshwa kwa wageni kwa heshima.

KWA NINI SI HUKU?

Huenda msomaji akauliza: kama wazee wetu walikuwa na mtapo, makaa na ujuzi, kwa nini hawakujenga gurudumu? Wako watakaojibu upesi kwamba ni upungufu wa akili. Jibu hilo ni la mtu ambaye hajapata kukaa Isiolo. Gurudumu la maji linataka mto unaotiririka mwaka mzima na watu wanaokaa mahali pamoja. Mito yetu mingi huishi siku chache tu baada ya mvua. Hata Ewaso Ng'iro, ambao unapita Archer's Post na kuteremka mpaka kinamasi cha Lorian, hupungua sana katika ukame mkali, na sehemu zake za chini hukauka kabisa. Tena mfugaji hufuata majani na maji, na mhunzi wake humfuata. Mvukuto wa ngozi hukunjwa ukapakiwa juu ya punda, gurudumu halipakiwi. Zaidi ya hayo, nchi yenye haja ya mikuki, visu na kengele haina haja ya tani moja ya chuma kila siku. Kila fundi huunda chombo kinachofaa nchi yake, na yule aliyeunda mvukuto wa kukunjwa hakuwa mjinga kuliko aliyeunda gurudumu.

Matanuru yetu hayakuzimwa na ujinga bali na biashara. Reli ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na nyaya na vyuma vya ng'ambo vikaenea kwa bei nafuu, hakuna aliyeona faida ya kuchoma makaa siku nzima ili apate donge moja. Baadaye yakaja magari. Springi ya lori iliyovunjika ni chuma cha pua kilicho kizuri mno, nayo huokotwa kando ya barabara. Mhunzi akaacha kuyeyusha, akabaki kufua. Hivyo ndivyo nusu ya elimu ilivyopotea, na mchanga mweusi ukarudi kuwa mchezo wa watoto.

HESHIMA YA MHUNZI

Lakini kuna hasara nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika jamii nyingi za kaskazini mhunzi amewekwa kando. Wasamburu na Wamasai wana jina lao kwa ukoo wake, Warendile na Wasomali humwita tumal, Waborana humwita tumtu, na mara nyingi majina hayo hutamkwa kwa namna ambayo mtu hangependa kutamkiwa. Kwa desturi wahunzi waliozana wao kwa wao. Iliandikwa zamani juu ya Wamasai kwamba mtu aliyepokea chombo kutoka mkononi mwa mhunzi alipaka kwanza mafuta mkononi mwake, asije akapatwa na unajisi. Basi fikirini: morani ambaye maisha yake na ng'ombe wa baba yake vyote vinategemea ncha ya mkuki, anauogopa mkono ulioufua!

Wakikuyu na jirani zao walikuwa na njia nyingine: walimwogopa mhunzi kwa sababu ya laana yake, lakini walimheshimu, na hakuna aliyethubutu kuiba kitu chake. Hivyo si kweli kwamba dharau ni sheria ya Mungu katika nchi hii. Tena, dini zetu hazifundishi hivyo. Mkristo akifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, atamkuta Tubal-kaini mfua chuma akitajwa pamoja na mababa wa kwanza wa kazi za wanadamu. Mwislamu anajua kwamba katika Kurani imo sura nzima yenye jina la chuma, Al-Hadid, na kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma na Mwenyezi Mungu akafua deraya. Kama kazi hiyo ilimfaa nabii, itamwaibishaje mtu wa Isiolo?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mhunzi wetu anacheza kwao, lakini atuzwaye ni fundi wa mbali. Kwa kilima cha mavi ya chuma watu wa Saugus wamejenga nyumba ya makumbusho. Kwetu mtu akikuta mawe meusi mazito yenye matundu, pamoja na vipande vya kewa la udongo, huyapiga teke au huyatumia kujazia msingi wa nyumba. Msomaji anayekuta vitu kama hivyo asivichimbe wala asivihamishe, maana mahali kilipolala kitu ni nusu ya habari yake. Na apeleke taarifa kwa chifu au kwa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi iliwekwa kwa ajili hiyo. Lakini kabla ya mawe, awatafute wazee wa ukoo wa wahunzi awaulize: mchanga ulichotwa laga gani, mti gani ulitoa makaa mazuri, kewa lilifinyangwa kwa udongo upi. Jiwe litangoja miaka 300. Mzee hatangoja.

Wiki iliyopita nilipita katika karakana za mafundi wa jua kali hapa mjini. Mmoja wao alikuwa amechoma makaa katika rimu ya gari, na chini yake ameweka feni ndogo ya umeme ipulizayo bila kuchoka. Nikasimama kutazama, maana nilikumbuka kwamba sehemu ya umeme wa nchi yetu hutoka katika mto Tana, unaokunywa maji ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, na ambao tangu mwaka 1968, kilipofunguliwa kituo cha Kindaruma, umekuwa ukizungusha mitambo. Basi gurudumu la maji limekwisha kufika Isiolo, limepitia waya tu. Na meta mia moja kutoka hapo, chini ya mti wake, yule mzee alikuwa akipuliza kwa mvukuto wa ngozi. Kazi ni moja, moto ni mmoja.

Fomu ile haiwezi kurudi mezani kwangu. Kijana yumo chuoni, nami namwombea mema. Lakini anaye mdogo wake aliye shuleni bado, ambaye jioni humvutia baba yake mivukuto. Siku moja naye atakuja na fomu yake, na mimi, Mungu akipenda, nitakuwa nimeketi pale pale. Tukifika kwenye mstari wa kazi ya baba sitamharakisha. Natumaini kwamba kufika siku hiyo wale wanaoketi kwenye benchi watakuwa wamesoma habari kama hizi, na kijana atajibu kwa sauti yake ya kawaida, pasipo kugeuka nyuma, "Andika mhunzi."